Vitabu vya kuanzia falsafa, maadili na ujumi: visome kwa jozi

Kibatari (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za wakati huu.

Swali la "nianze falsafa na kitabu gani" linaulizwa sana, na majibu yake ni yale yale. Mmoja anamwaga orodha kuanzia Plato hadi Foucault, mwingine anamwagiza mwenzake akatafute historia nzima ya falsafa ya Magharibi ya Bertrand Russell, iliyotoka 1945 na kurasa zake zinapita mia nane. Muulizaji anashukuru, kisha hatumsikii tena. Mimi nafundisha somo hili, na kabla ya hapo nililisoma seminari kuu. Wengi niliosoma nao walilichukia kwa sababu hiyo hiyo: walipewa majina na tarehe, hawakuonyeshwa watu hao walikuwa wanabishania nini.

Rai yangu ni hii: vitabu vya falsafa visomwe kwa jozi. Chukua kitabu chenye hoja, kisha chukua cha mtu aliyeikataa hoja hiyo. Ukimsoma mmoja peke yake utamkubali, kwa kuwa hawa watu wanajua kuandika. Ukimsoma pamoja na mpinzani wake, huna pa kujificha. Itabidi uamue wewe.

Kabla ya jozi, kipo kitabu kimoja cha kufungulia njia. Ni Euthyphro cha Plato, kifupi, unakimaliza kwa kikao kimoja. Sokrate amefika mahakamani Athene kwa ajili ya mashtaka yale yaliyokuja kumuua mwaka 399 KK. Mlangoni anakutana na Euthyphro, ambaye naye ana kesi, ila yeye ndiye mlalamikaji, na anayemshtaki ni baba yake mzazi. Ilikuwaje? Kibarua wao alilewa akamchinja mtumwa wa nyumbani. Baba akamfunga yule kibarua mikono na miguu, akamtupa shimoni, akatuma mtu Athene kuuliza sheria inasemaje. Mjumbe hajarudi, kibarua akafa kwa njaa na baridi. Ndugu wote wamemgeukia Euthyphro: mtoto gani anampeleka baba yake mahakamani kwa ajili ya muuaji? Yeye hatetereki. Anasema anajua dini inataka nini.

Sokrate anamwambia: vizuri, nifundishe. Hapo linakuja swali ambalo halijatulia hadi leo. Jambo jema ni jema kwa sababu miungu inalipenda, au miungu inalipenda kwa sababu ni jema tayari? Ukishika la kwanza, maana yake miungu ingependa ukatili, ukatili ungekuwa wema. Ukishika la pili, wema una msingi wake nje ya amri, na inabidi tuutafute msingi huo ni nini. Euthyphro anajaribu mlango huu na ule, mwisho anasema ana haraka, anaondoka zake. Kitabu kinaishia hapo. Ukikifunga ukiwa bado unabishana na mmojawapo kichwani, umeshaanza kusoma falsafa.

Sasa jozi.

Kwenye maadili, jozi ya kwanza ni Immanuel Kant, Mjerumani, na John Stuart Mill, Mwingereza. Kant msome kwenye kitabu chake kifupi cha 1785, ambacho kwa Kiingereza utakitafuta kwa jina la Groundwork of the Metaphysics of Morals. Usianze na zile Kritiki tatu, vitabu vyake vikubwa. Humo kuna mfano ambao kila Mtanzania anaujua kwa macho: mtu amebanwa na shida, anataka kukopa, anajua fika kwamba hatalipa, lakini asipoahidi kulipa hapewi. Kant anamuuliza: je, ungetaka iwe kanuni ya watu wote kwamba mwenye shida aahidi asichokusudia? Hapana, kwa sababu ahadi yenyewe ingekufa. Hakuna ambaye angemwamini mkopaji tena, na uongo wako usingekuwa na pa kusimama. Angalia kwamba hasemi "utaumiza watu". Anasema nia yako inajipinga yenyewe.

Mill, kwenye Utilitarianism ya 1861, anasema hata Kant akibanwa anaishia kutazama matokeo. Kipimo cha tendo ni furaha na maumivu linayoyaleta, kwa wote wanaoguswa, na furaha yako haina uzito kuliko ya jirani. Soma sura ya pili na ya tano kwa makini, nyingine zipitie. Ukitaka ramani ya uwanja mzima baada ya hapo, chukua The Elements of Moral Philosophy cha James Rachels, kilichotoka mara ya kwanza 1986. Sura ni fupi, Kiingereza chake ni chepesi. Ndicho kitabu cha utangulizi ninachokiamini kuliko vyote kwenye maadili.

Kwenye ujumi, yaani falsafa ya uzuri na sanaa, jozi ya zamani kabisa ni kitabu cha kumi cha Jamhuri ya Plato na Poetics ya Aristotle. Plato anawafukuza washairi mjini: wanaiga vitu ambavyo navyo ni mwigo, na wanalisha hisia ambazo akili ilitakiwa kuzitawala. Aristotle, mwanafunzi wake, anajibu kwamba kuiga ndiyo njia ya kwanza ya binadamu kujifunza, na kwamba tamthilia ya msiba huamsha huruma na hofu halafu hutusafisha nazo. Swali la kama muziki fulani "unaharibu vijana" tunalirudia kila mwaka. Hawa wawili walilifikisha mbali kuliko sisi.

Jozi ya pili ni insha ya David Hume ya 1757 kuhusu kipimo cha kuonja uzuri, Of the Standard of Taste, pamoja na kurasa za mwanzo za Kritiki ya tatu ya Kant, ya 1790. Hume ana kisa alichokichukua kwenye Don Quixote. Jamaa wawili wameitwa kuonja mvinyo wa pipa moja. Wa kwanza anasema ni mzuri, ila kwa mbali ana ladha ya ngozi. Wa pili anasema ni mzuri, ila kwa mbali ana ladha ya chuma. Watu wanawacheka wote wawili. Pipa linapomalizwa, chini kunakutwa ufunguo wa chuma umefungwa kamba ya ngozi. Hume anataka uone kwamba "kila mtu na anachopenda" si neno la mwisho: wapo wenye kuhisi zaidi, na kuhisi huko kunaweza kuthibitishwa. Tatizo ni moja. Kwenye pipa ufunguo upo. Kwenye wimbo au kinyago, ufunguo ni kitu gani? Kant anaanzia hapo hapo. Kwake hukumu ya uzuri haina ufunguo wa kuutoa na kuuonyesha, na bado tunaposema kitu ni kizuri tunamtaka kila mtu akubali.

Sehemu ya pili nitaweka jozi za kwetu. Karibuni kwa maswali.

---

Nyasa_Upepo

Asante mkuu kwa uzi. Mimi niko mwaka wa kwanza sheria. Nimejaribu kufungua Kant nikaishia ukurasa wa tatu. Si kwamba sitaki, Kiingereza chenyewe sentensi moja inajaza nusu ukurasa. Tunaotoka shule za kata tunafanyaje?

---

Kibatari

Mkuu, hata Wajerumani wenyewe wanalalamika kuhusu sentensi za Kant, kwa hiyo usijihukumu kwa hilo.

Kuna tovuti inaitwa Early Modern Texts. Mwanafalsafa Jonathan Bennett alizichukua maandishi ya Descartes, Locke, Hume, Kant, Mill na wengine wa zama hizo, akaziandika upya kwa Kiingereza cha kawaida, sentensi fupi, hoja ikabaki vile vile. Ni bure, unapakua hata kwenye simu. Groundwork ipo, Utilitarianism ipo. Anza nazo hizo.

Ukikwama kwenye dhana, nenda Stanford Encyclopedia of Philosophy, ipo mtandaoni tangu 1995, nayo ni bure, na kila makala imeandikwa na mtu aliyebobea kwenye jambo hilo. Ila iwe ya kurejea tu, isichukue nafasi ya kitabu chenyewe.

Na usomaji wenyewe: aya moja, kisha funga, kisha andika kwa Kiswahili mtu huyu anadai nini na sababu yake ni ipi. Ukishindwa kuiandika kwa Kiswahili hujaielewa, rudi. Ni kazi ya polepole kwelikweli. Kurasa nne kwa jioni moja si haba.

---

Mja wa Karima

Ndugu zangu, nauliza kwa nia njema. Nimelelewa kwenye dini na naipenda dini yangu. Wazee wetu wanasema falsafa inampotezea mtu imani. Swali la Euthyphro lenyewe naliona kama mtego. Mnanishauri nini?

---

Ukindu

Ndugu yangu, swali lako walishaliuliza wakubwa kuliko sisi, na kwenye jambo hili jozi ndiyo hasa inayotakiwa.

Imam al-Ghazali aliandika Tahafut al-Falasifa mwishoni mwa karne ya 11. Watu wengi wanaotaja kwamba Ghazali aliipinga falsafa hawajakisoma. Hakuwapinga wanafalsafa kwa kuwakemea. Kwanza aliandika kitabu kingine cha kuyaeleza mafundisho yao kwa usahihi, ndipo akayashughulikia masuala 20, moja baada ya jingine, kwa mantiki yao wenyewe. Kati ya hayo, matatu tu ndiyo aliyosema yanamtoa mtu katika dini: kwamba ulimwengu hauna mwanzo, kwamba Mungu hajui mambo moja moja, na kwamba miili haitafufuliwa. Karibu miaka mia baadaye Ibn Rushd wa Andalusia akamjibu kwa Tahafut al-Tahafut, akinukuu maneno ya Ghazali kipande kwa kipande na kujibu kila kipande. Wote wawili walikuwa wanazuoni wa sheria ya dini. Na swali la kama wema unajulikana kwa akili au kwa amri peke yake ndilo walilobishania Mu'tazila na Ash'ari, makundi mawili ya wanatheolojia wa Kiislamu, karne nyingi. Si la wageni.

Mkristo naye ana Thomas Aquinas. Fungua Summa yake pale anapouliza kama Mungu yupo. Kitu cha kwanza anachokiandika ni hoja za kwamba hayupo. Kila suala analifungua kwa wapinzani, ndipo anajibu. Mtu mwenye imani ya namna ile hakuogopa maswali.

---

Kibatari

Mkuu Ukindu, hapo kwa Aquinas umenena. Seminari tulikuwa tunafundishwa kusoma jibu na kuruka pingamizi, kumbe pingamizi ndizo zinazolifanya jibu lieleweke.

Sehemu ya pili: jozi za kwetu

Hapa nitakaa zaidi kwa sababu ndipo pana utajiri, na ndipo vijana wengi hawafiki.

Mwaka 1945, Elisabethville, mji ambao sasa ni Lubumbashi, kilitoka kitabu cha padri Mfransisko wa Ubelgiji, Placide Tempels: La philosophie bantoue. Alikuwa ameishi na Waluba wa Katanga kwa miaka. Hoja yake: Wabantu wana falsafa kamili, na nguzo yake ni nguvu ya uhai. Mzungu akiona kitu anaona kitu, Mbantu anaona nguvu, inayoongezeka au kupungua, inayoweza kuimarisha nyingine au kuidhoofisha. Uchawi, ukoo, wafu, baraka ya mzazi, vyote anavieleza kwa kanuni hiyo moja. Mnyarwanda Alexis Kagame, padri naye, akafuata mwaka 1956 akichambua lugha ya Kinyarwanda kutafuta humo fikra ya kuwepo. Kisha John Mbiti wa Kenya, mwaka 1969, kwenye African Religions and Philosophy, akachunguza nyakati za vitenzi vya Kikamba na kudai kwamba kwa Mwafrika wa jadi wakati una pande mbili, akaziita Sasa na Zamani, na kwamba wakati ujao wa mbali haupo.

Sasa mpinzani. Paulin Hountondji wa Benin, katika insha alizozikusanya kuwa kitabu miaka ya 1970, akasema yote haya si falsafa, ni etnofalsafa. Unachukua methali, hadithi na desturi za watu maelfu, unazifinyanga kuwa fikra moja, halafu unasema "Wabantu wanaamini". Nani hasa aliyeamini? Nani alitoa sababu? Nani alimpinga? Falsafa ya Ufaransa haitafutwi kwenye methali za wakulima wa Ufaransa, inatafutwa kwa Descartes. Kwa nini Mwafrika apewe falsafa ambayo haina mwenyewe, na ambayo watu wote wanakubaliana bila hata mmoja kubisha? Aliona humo dharau iliyovaa nguo ya heshima.

Nilipomsoma Hountondji mara ya kwanza nilimkubali kwa asilimia zote. Ndipo nikakutana na Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi, na jozi ikawa utatu. Oruka alikubali kwamba falsafa inahitaji mtu mmoja mwenye hoja. Alichokataa ni kwamba lazima mtu huyo awe ameandika. Akaenda vijijini na wenzake, wakawahoji wazee waliosifika kwa hekima, akawagawa makundi mawili. Lipo kundi la wenye kujua mila na kuzieleza vizuri, ukimuuliza kwa nini anasema ndivyo tulivyorithi. Na lipo kundi dogo la wenye kuipima mila yenyewe, anayekwambia hili la wazee wetu lilikuwa sahihi kwa sababu hii, na lile lilikuwa kosa kwa sababu ile. Hao wa pili ndio aliowaita wanafalsafa. Mahojiano yako kwenye Sage Philosophy ya 1990. Soma maswali na majibu, acha utangulizi kwa baadaye.

Na usidhani ni mambo ya darasani. Mwaka 1987 kesi ya mazishi ya wakili S. M. Otieno ilipoitikisa Kenya, mjane wake akitaka kumzika karibu na Nairobi na ukoo ukitaka azikwe kwao Nyalgunga, Oruka aliitwa kutoa ushahidi kama mtaalamu wa fikra za jadi. Ukoo ulishinda. Ukitaka kuona kwa nini swali la "mila inasema nini, na nani ana haki ya kuisemea" lina meno, soma kesi ile sambamba na kitabu chake.

---

Mwana wa Kolwezi

Jambo kwenu wote. Nasoma kutoka Congo. Kwa Tempels naomba niongeze, maana huyu mtu hapa kwetu si jina la kitabu tu.

Msimsome kana kwamba aliandika akiwa amekaa raha. Wakati ule wakoloni walisema wazi mweusi hana fikra. Kusema ana falsafa kulikuwa kumpiga mkoloni usoni, na wakubwa wa kanisa la Katanga hawakufurahi. Alirudishwa Ubelgiji miaka kadhaa. Aliporudi Congo akaanzisha mwendo wa Jamaa, kwa jina hilo la Kiswahili, kwenye kambi za wafanyakazi wa migodi hapa Kolwezi. Wanaume na wake zao walikaa pamoja wakizungumza kwa Kiswahili juu ya uzima, uzazi na mapendo. Johannes Fabian aliandika kitabu juu ya Jamaa mwaka 1971. Kwa hiyo mafundisho yale yalibishaniwa na wachimba madini, kwa Kiswahili, kila mtu na jina lake. Hountondji anauliza nani aliyeamini? Wale waliamini, na walitoa sababu zao.

Lakini mpinzani mkali zaidi wa Tempels kwangu ni Aimé Césaire, mshairi wa Martinique, kwenye hotuba yake juu ya ukoloni. Anasema mnawapa Wabantu heshima ya falsafa ili msiwape mshahara na nyumba. Mtu wa migodi anaelewa hapo bila kufundishwa.

---

Kibatari

Ndugu wa Kolwezi, aksanti sana. Hiyo ya Jamaa inambana Hountondji mahali ambapo hata Oruka hakumbana. Nakubali Césaire aingie kwenye jozi ile, na kurasa zake ni chache, mtu anaweza kuanza naye.

---

BintiMvita

Mwalimu, uzi wako mzuri, lakini mbona pwani hujaifikia? Kai Kresse aliandika Philosophising in Mombasa, 2007, kitabu kizima juu ya wanafikra wa Mji wa Kale, na mmoja wao ni Ustadh Ahmad Nassir Juma Bhalo na Utenzi wa Mtu ni Utu. Humo utu unajadiliwa hatua kwa hatua: utu ni vitendo, na mtu aweza kuwa na sura ya mtu asiwe na utu. Ukisoma maadili ya Aristotle, vile anavyosema wema ni mazoea ya kutenda, kisha ukasoma utenzi ule, utaona wanazungumza.

Nami nina jozi yangu kwa kina dada. Utenzi wa Mwana Kupona, alioutunga mwaka 1858 akiwa mgonjwa, akimuusia bintiye. Anamwambia mwanamke anahitaji radhi za watano: Mungu, Mtume, baba, mama na mume. Weka kando yake kitabu cha Mary Wollstonecraft cha 1792 kuhusu haki za wanawake, asemaye kwamba wema usiotokana na akili ya mtu mwenyewe si wema, ni utiifu tu. Watu humsoma Mwana Kupona kwa njia mbili, ama kumtukuza ama kumtupa. Mimi naona astahili kujibiwa. Na mkimsoma vyema mtaona yule bibi hakuwa mnyonge: anajua mume hushindwa na nini, anajua heshima ya nyumba iko mikononi mwa nani. Kuna hoja humo ya vile mtu apate nguvu pale ambapo sheria haikumpa.

---

Fundi_Mantiki

Nawaheshimu wote, lakini hapa nakataa. Mnachanganya fasihi na falsafa. Utenzi ni mawaidha: fanya hivi, usifanye vile. Falsafa ni hoja: dai, sababu, pingamizi, jibu. Kusema kila mawaidha ni falsafa ni kurudi kwa Tempels mlangoni kwa nyuma. Mkitaka kumsaidia kijana, mpeni kwanza kitabu cha mantiki, ajue hoja batili ni ipi, ndipo asome mengine.

---

Kibatari

Mkuu Fundi, pingamizi lako ni zito na nalijibu kwa uzito huo huo.

Mantiki nakubali, ila si mwanzo. Nimeona wanafunzi wanajua majina yote ya hoja potofu na hawajawahi kuumizwa na swali hata moja. Waanze na swali, mantiki wataitafuta wenyewe likiwabana.

Kuhusu utenzi: si kila mawaidha ni falsafa, sawa. Lakini usihukumu kwa umbo. Parmenides aliandika shairi, Lucretius aliandika shairi, Plato aliandika mazungumzo yenye wahusika. Kipimo ni kama andiko linatoa sababu na linaweza kupingwa. BintiMvita ametuonyesha kwamba Mwana Kupona anaweza kupingwa. Hilo linanitosha.

Na Euphrase Kezilahabi alilitolea jasho swali lako hili. Tasnifu yake ya udaktari, Wisconsin mwaka 1985, ilihusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Kisha akaandika Nagona na Mzingile, riwaya fupi ambazo shuleni tuliambiwa ni "ngumu" na tukaziacha. Msomaji anaingia kwenye mji wa magofu, hajui ni ndoto au ni baada ya kifo, na kila anayekutana naye anamnyang'anya jibu alilokuwa nalo. Huwezi kuuchomoa ujumbe ukauweka kwenye sentensi, na ndilo analolikusudia: njia ya kuufikia ukweli ni sehemu ya ukweli wenyewe. Kwa anayeanza, chukua riwaya yake Kichwamaji ya 1974 na uiweke pamoja na The Myth of Sisyphus cha Mfaransa Albert Camus cha 1942. Camus anauliza kama inafaa kuendelea kuishi maisha yasiyo na maana, anajibu ndiyo. Kazimoto, msomi wa Kichwamaji, analijibu swali hilo hilo kwa kujiua. Nani kati yao alifikiri hadi mwisho? Halafu ipo Ziraili na Zirani ya William Mkufya, 1999, inayoupeleka ubishi kuhusu Mungu hadi ahera kwenyewe.

Nikiwa hapo, niweke jozi ya ujumi ninayoipenda kuliko zote, na iko kwa Kiswahili mwanzo mwisho, haihitaji Kiingereza hata neno moja. Upande mmoja ni Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, cha Kaluta Amri Abedi, 1954. Abedi anashikilia kwamba shairi lina vina na mizani, na kwamba ni wimbo, lisiloimbika si shairi. Upande wa pili, Kezilahabi anatoa Kichomi mwaka 1974, mashairi yasiyo na vina wala mizani, na utangulizi wa kuyatetea. Mulokozi na Kahigi wanafuata na Kunga za Ushairi na Diwani Yetu, wakisema kinacholifanya shairi kuwa shairi ni namna lugha inavyopangwa kisanaa na picha inazojenga, vina na mizani ni pambo moja tu kati ya mengi. Mwaka 1988 Ibrahim Noor Shariff akaja na Tungo Zetu kuitetea mila ya pwani kwa ushahidi wa tungo zenyewe.

Shuleni mgogoro huu tulifundishwa kama swali la mtihani: taja hoja tatu za wanajadi, tatu za wanamapinduzi. Ukiusoma upya ukiwa na Hume na Aristotle kichwani, unagundua walikuwa wanauliza sanaa ni nini. Je, kuna kitu kimoja ambacho kila shairi lazima liwe nacho? Nani ana haki ya kuamua, mwenye mila au mtunzi? Mwaka 1956 Morris Weitz wa Marekani aliandika kwamba sanaa haiwezi kufungwa kwa fasili kwa kuwa hubadilika kila msanii mpya anapotokea. Kezilahabi angemkubali. Abedi, nadhani, angemuuliza: sasa utajuaje kwamba mtu ameshindwa? Na swali hilo la Abedi sijaona aliyelijibu vizuri.

---

Fundi_Mantiki

Hapo kwa Abedi umenigusa. Kanuni ndiyo inayofanya kushindwa kuwezekane. Kama kila kitu kinaweza kuwa shairi, hakuna shairi baya. Nitamtafuta.

---

BintiMvita

Lakini Fundi, watu wa pwani hawakuhukumu shairi kwa vina peke yake. Shairi laweza kuwa na vina kamili, mizani kamili, na wazee wakasema halina kitu. Kwa hiyo hata wenye mila walikuwa na kipimo kingine juu ya kanuni. Shariff ana mifano.

---

Nyasa_Upepo

Wakuu, nimewafuata wote. Nimeamua nianze na Abedi na Kunga za Ushairi kwa sababu ya lugha, halafu Kant wa Bennett kwa sababu sheria ya mikataba imejaa ahadi. Vitabu vya Kiswahili navipata wapi? Nimeuliza duka moja wananiambia havichapwi.

---

Kibatari

Mkuu, vingi kati ya hivyo dukani ni vya bahati. Uko chuo, kwa hiyo anza na maktaba yako na uulize rafu ya Kiswahili, si ya falsafa, maana hakuna anayeviweka kwenye falsafa. Ukikosa, kwa Dar es Salaam kuna Maktaba Kuu ya Taifa pale barabara ya Bibi Titi Mohamed. Duka la vitabu la TPH, barabara ya Samora, wakati mwingine wana Kezilahabi na Shaaban Robert. Na pita kwa wauza vitabu vya mitumba Posta: ukimtajia kichwa cha kitabu na kumwachia namba, atakutafutia.

Ukimpata Abedi kabla ya Kunga, soma utangulizi wote wa kanuni kabla ya kugusa diwani, uandike kila kanuni na sababu aliyoitoa. Mahali ambapo ametoa kanuni bila sababu, weka alama. Kisha njoo hapa utuambie umezikuta wapi.